Jicho la Baba Usoni mwa Mkata Mkonge

Baba yangu alikuwa mwosha maiti wa Kigombe, nami nikawa daktari wa macho. Watu wa kwetu hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Walisema tumegawana kazi nyumba moja, mwana anafumbua na baba anafumba. Utani ule uliniudhi sana ujanani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikupenda kazi niliyoisomea Uganda na kisha Bombay ichanganywe na kafuri na pamba za maiti. Baba alicheka tu. Alikuwa na meno mazuri mpaka uzeeni, na alijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mkonge ulikuwa umeifunika nchi. Ukitoka mjini Tanga upande wowote unakutana na mistari yake imenyooka mpaka vilimani. Niliajiriwa katika hospitali ndogo ya mashamba, njia ya Pangani, jengo la mabati ambalo sasa halipo tena. Mganga mkuu, Mzungu, alishughulika na homa na miguu iliyovunjika; macho aliniachia mimi kama mtu anavyomwachia paka miiba ya samaki. Nilishukuru. Sikutaka kitu kingine.

Jani la mkonge lina mwiba nchani, mgumu na mweusi, na mkataji huinama mbele ya miiba hiyo tangu alfajiri. Siku moja anainama vibaya. Ndivyo walivyonijia wengi. Wengine walikuwa watoto waliotoka kwenye surua macho yamekauka, na wengine wanawake waliotiwa machoni maji ya mzizi huu na ule na bibi zao waliowapenda. Njia zilikuwa nyingi, mwisho ulikuwa mmoja: kile kioo cha mbele cha jicho kinafanya kidonda, kidonda kinapona, na kovu lake linabaki jeupe. Sisi tunaliita chamba. Nyuma ya chamba jicho lenyewe aghalabu ni zima kabisa. Ni chumba kizuri ambacho mtu amekipaka dirisha chokaa.

Dawa yake ilijulikana. Unakikata kile kipande cheupe cha katikati, mviringo, kidogo kuliko kifungo cha shati, na mahali pake unashona kipande safi kutoka jicho la mtu mwingine. Nilikuwa nimeona ikifanywa Bombay. Kukata nilijizoeza kwa sungura niliowafuga nyuma ya hospitali katika vizimba vya mbao, mpaka watu wakaniita mganga wa sungura, na mlinzi akala mmoja akamsingizia chatu. Kwa binadamu nilijaribu mara chache, kwa vioo nilivyovipata kwenye macho ya watu hai ambayo ilibidi yang'olewe kwa ugonjwa mwingine. Vyote viligeuka vyeupe. Nikawa na sungura wanaoona na watu wasioona.

Nilihitaji kioo cha mtu aliyekufa punde, na hapo ndipo kazi yangu ilipogonga ukuta. Kwetu pwani maiti halazwi. Akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na anaingia mzima kama alivyoumbwa. Watu wa bara waliokuwa kambi za wakata mkonge nao walikataa, kila kabila na sababu yake. Sikuwashikilia sana, kwa sababu nilimfikiria baba. Mwosha maiti ana amana. Alichokiona mwilini mwa maiti, liwe kovu, ugonjwa au aibu, hakitoki mdomoni mwake mpaka naye aoshwe. Baba hakuwahi kutuambia lolote juu ya yeyote. Kama ningekata jicho la maiti wa Kigombe, mtu wa kwanza kulijua angekuwa yeye, na angenyamaza, na angekaa kula na mimi sahani moja akiwa amenyamaza. Sikuweza hata kuifikiria sahani ile.

Basi nilikuwa katika hali hiyo alipoletwa mkata mkonge. Wenzake walimleta juu ya toroli la reli ya shamba, naye anaimba. Alikuwa mtu wa kusini, Mkatoliki kwa ubatizo na mlevi kwa hiari yake. Jicho moja ndui ililimaliza utotoni. La pili lilichomwa na mwiba, likapona, likafunga chamba. Tangu hapo aliishi kambini kwa kusokota kamba kwa kupapasa, na kwa ulimi wake, maana alimtukana kila mtu kwa ufundi hata watu wakawa wanamlisha ili waendelee kusikiliza. Nilipomulika taa mbele yake aliujua mwanga na aliujua upande unaotokea. Jicho la ndani lilikuwa zima. Nikamwambia ukweli, kwamba naweza kujaribu lakini sina kioo.

"Yaani duka lipo, mwenye duka yupo, mali ndiyo hamna," akasema.

"Ndiyo."

"Basi mimi nangoja hapahapa dukani, daktari."

Akangoja, na alingoja akiimba. Nilimlaza wodini kwa sababu niliogopa akirudi kambini pombe na moshi vitalimaliza hata hilo lililobaki.

Kitanda cha jirani yake, cha dirishani, alilala baba yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, pumzi anazitafuta. Mama alikwisha tangulia zamani, kwa hiyo nilimtoa Kigombe nikamweka pale nilipoweza kumwona. Sikufikiri vizuri kuhusu majirani. Baba akishika tasbihi, yule anaanza wimbo wa klabu ya tembo la mnazi, tena ule wenye maneno ambayo manesi walikimbia kwa kucheka. Baba akikohoa kumwonya, yule anauliza wodi nzima ni mbuzi gani huyo anayekohoa. Nilikwenda kumkaripia mbele ya watu. Akanyamaza mpaka nilipofika mlangoni, kisha nikausikia ubeti wa pili.

"Nitamhamisha," nikamwambia baba.

"Umhamishe? Halafu miye nigombane na nani? Umri wangu wote nimekaa na watu wasiojibu."

Asubuhi moja nikiwa namkanda miguu aliniuliza habari za jicho la yule bwana. Nilimweleza. Alisikiliza huku amefumba macho, kama alivyosikiliza kesi za majirani alipoombwa kusuluhisha.

"La miye lingefaa?"

Mikono yangu ilisimama. Niliona hasira inapanda, na sikujua namkasirikia nani.

"Baba, maneno gani hayo?"

"Nakuuliza jambo la kazi yako. Lingefaa au halifai?"

"Lingefaa."

"Basi nikifa chukua. Moja tu. La pili niachie, nisije nikaulizwa maswali kaburini na malaika nisiowaona."

"Umemuuliza mwalimu msikitini?"

"Sikumuuliza, maana nikimuuliza atanijibu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia kwamba kama ameshika nia hiyo, basi aniache nichague mtu. Kulikuwa na mama mmoja wa Maramba mwenye watoto wadogo, Mlutheri mcha Mungu, aliyekuja kliniki ameshikwa mkono. Baba akatikisa kichwa, akanyoosha kidevu upande wa kitanda cha pili, ambako mkata mkonge alikuwa amelala chali, kinywa wazi.

"Mpe mlevi yule."

"Kwa nini yeye?"

"Mtu mwema huvumilia kiza. Huyu hakiwezi. Siku moja ataacha kuimba, na akiacha atakufa. Miye watu wanaokufa nawajua, mwanangu. Na usimwambie. Atanichosha kwa shukrani."

"Na mwenzako?" nikauliza. Nilimkusudia mzee waliyeosha naye maiti tangu ujana wao, ambaye ndiye angemwosha. "Yeye ataona."

"Ataona na atanyamaza. Ndiyo kazi."

Alifariki asubuhi nyingine, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba una sukari nyingi. Sikuwa karibu. Mkata mkonge ndiye aliyejua kwanza, kwa masikio. "Njooni jamani," aliita, "mzee hapa amenyamaza vibaya." Nilikuja mbio, nikavuta pazia la kitanda, nikawatoa manesi. Nilitia dawa ya kusafisha jicho ingawa mwenye jicho hakuhitaji tena. Kingo za kioo zilikuwa na ule utando wa kijivu wa uzee, lakini katikati palikuwa panang'aa. Sikuling'oa jicho. Nilikata kile kipande cha katikati tu, cha jicho la kulia, kwa kisu changu cha mviringo, nikakilaza juu ya pamba yenye unyevu ndani ya kichupa, na kichupa nikakiweka katika friji ya mafuta ya taa pamoja na dawa za chanjo. Kisha nikamfumba. Mkono wangu ulikuwa imara kabisa tangu mwanzo mpaka mwisho.

Lori la shamba lilitupeleka Kigombe. Mwosha huoshwa, watu walisema uani kwetu, wakiwa wanachota maji. Maiti ya mwanamume mwenye haki ya kwanza kuiosha ni mwanawe, na mzee yule mwenzake baba alinisogezea kata kwa heshima. Sikuweza. Mikono ile ile iliyokata saa chache nyuma sikuweza kuirudisha mwilini mwake. Nikasema nitamimina maji tu. Mzee hakunilazimisha. Aliosha kama walivyozoea kuosha wawili, taratibu, akimsemesha rafiki yake kwa jina la utotoni, na alipofika usoni alipitisha kidole juu ya kope. Ya kushoto ilikuwa imejaa. Ya kulia ilibonyea chini ya kidole chake, kwa sababu jicho lililotobolewa hunywea. Kidole kikakaa pale. Akaniangalia. Mimi nikaendelea kumimina maji mahali palipokwisha oshwa. Kisha mzee akachukua pamba zaidi, akayafunika macho yote mawili sawasawa ili lisijulikane lipi lina upungufu, akaendelea na shingo. Hakusema neno siku ile wala baadaye. Mimi nimetukanwa na watu wengi maishani na nimesahau matusi yote, lakini ukimya ule ninao mpaka leo.

Tulizika alasiri. Sikukaa matangani. Kesho yake asubuhi nilikuwa chumba cha upasuaji, na jamaa zangu walisema usomi umenila utu.

Mkata mkonge alilala chali mezani, jicho limekufa ganzi kwa matone, lakini yeye mwenyewe yu hai kupita kiasi.

"Daktari, leo unapumua kama mtu aliyepanda mlima."

"Nyamaza. Ukicheka, jicho linapotea."

"Basi usinichekeshe."

Nilikata chamba chake nikakitoa. Nikakitoa kipande cha baba kichupani, nikakilaza kwenye lile tundu, nikashona nyuzi za hariri juu yake. Mkononi mwa mtu mzima kipande kile ni kidogo kuliko gamba la dagaa. Kilikuwa safi kiasi kwamba kilipokaa mahali pake sikukiona tena; niliona tu mboni ya mtu mwingine ikinitazama kupitia kwake. Nikawaza, baba, umeingia nyumba ya watu. Ndivyo nilivyowaza hasa, na niliona haya mbele ya nesi kana kwamba nimesema kwa sauti.

Kwa siku nyingi alilala chali, macho yote yamefungwa, vifuko vya mchanga kila upande wa kichwa asigeuke. Nilimkataza kukohoa, kucheka na kuimba. Aliuliza mzee wa dirishani alizikwa wapi, nesi akamwambia.

"Ameondoka bila kuniaga," akasema. "Mzee mwenye kiburi." Akageukia ukutani, yaani angegeuka kama si mchanga.

Nilipofungua bendeji alikodoa, machozi yakamtoka, akafumba, akafumbua. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mweusi!" akasema. "Kwa jinsi unavyokaripia nilidhani Mwarabu."

Manesi walikufa kwa kicheko. Mganga mkuu aliitwa, akamwonyesha vidole, mgonjwa akavihesabu, na mganga akanipa mkono kwa mara ya kwanza. Mimi nilitoka nikaenda nyuma kwenye vizimba vya sungura nikasimama huko. Kile nilichokitafuta tangu Bombay nilikuwa nimekipata, na sikuweza kufurahi hata kidogo.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kliniki nimpime. Chombo chetu kilikuwa darubini yenye mwanga mwembamba unaolichana jicho kama kisu; mgonjwa anaweka kidevu upande ule, daktari anaweka jicho upande huu, na nyuso zenu zinakaribiana kuliko za mtu na mkewe. Humo ndani ya mwanga nilikiona kipande cha baba, mviringo, mpaka wake ni mstari mwembamba wa kijivu. Nilikitazama kuliko ilivyohitajika. Nilijua, na nilikuwa nikiwafundisha manesi, kwamba kioo cha jicho hakioni kitu wala hakikumbuki kitu, ni dirisha tu. Pamoja na elimu hiyo yote, nilikuwa nikisikia hatua za mkata mkonge barazani nazima sigara. Kwetu mtoto havuti mbele ya baba yake. Nilijikuta nimesimama akiingia, nimempa kiti kizuri, sauti imeshuka. Nesi mmoja aliniuliza kama yule bwana ni mkwe wangu.

Jambo moja lilinitia baridi. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba tangu apate kuona ana ugonjwa mpya: akimkuta mtu amelala lazima asimame amtazame kifua, kama kinapanda na kushuka. Wenzake kambini walikuwa wamechoka kuamka na kumkuta amewainamia. Baba alikuwa hivyo. Utoto wangu wote niliamka na kumkuta amesimama mlangoni anatutazama vifua. Nilimwambia mkata mkonge kwamba mtu aliyekaa gizani miaka hutazama kila kitu, ni kawaida. Ni kweli, ni kawaida.

Na jambo la pili liliniondolea heshima. Nilipita karibu na kambi, nikamkuta kwenye klabu ya tembo, kata mkononi, jicho jekundu, anaimba. Nilisimamisha baiskeli. Sijui nilisema nini hasa, ila nilifoka mpaka wanywaji wakaweka kata zao chini. Nilisema jicho lile halikuwahi kuingia mahali kama pale. Nilisema awe na haya kidogo.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Daktari, mimi nilipewa jicho, sikupewa sheria za mwenyewe," akasema kwa upole. Halafu akaniangalia vizuri. "Lilikuwa la nani?"

Nikainama kurekebisha mnyororo wa baiskeli.

"Basi usiseme. Likiwa la mtu mbaya nitaogopa, na likiwa la mtu mwema nitaona haya. Kaa, unywe maji."

Nilikaa nikanywa maji. Aliponiaga aliweka kata yake chini ya benchi, kwa mbali, kama mtu anayeificha.

Jicho lile lilidumu safi kupita nilivyotumaini. Alirudi shambani, si kukata bali kuhesabu matita ya mkonge, na akaoa mjane mwenye mdomo kuliko yeye. Kisha, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alikuja jicho linamtoka machozi. Nikaweka kidevu chake kwenye chombo. Ukingoni mwa kipande, upande wa chini, palikuwa na ukungu kama wa kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nilijua ni nini. Mwili wake ulikuwa umemkataa mgeni. Kulikuwa na matone mapya yaliyoletwa kwa meli, nikamtilia hayo. Nikamweka wodini nikamtilia kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia nesi. Kila asubuhi niliutazama ukungu, na kila asubuhi ulikuwa umepanda. Nilishapoteza vioo vingine, niliandika matokeo nikaenda kula. Hiki nilikililia. Nilijifungia chumba cha dawa nikalia kilio ambacho sikukilia Kigombe, maana kule nilikuwa na haraka ya kazi, na sasa kazi ndiyo iliyokuwa inakufa. Baba yangu alikuwa anafumba kwa mara ya pili, polepole, mbele ya darubini yangu, na mkata mkonge alikuwa anarudi gizani pamoja naye.

Aliacha kuimba. Hapo nikaogopa kweli, kwa sababu nilikumbuka nani alikuwa ameniambia nini juu ya hilo.

Njia ilikuwepo. Fundi mmoja wa kiwandani alikuwa ameumia vibaya, jicho lake limeharibika nyuma na lazima litoke, lakini kioo cha mbele kilikuwa kizima, naye aliridhia kukitoa. Vioo vya namna hiyo viliniangusha zamani, ila sasa nilikuwa na yale matone na mkono uliozoea. Ningeweza kumshonea kipya. Ila ili kipya kiingie, cha zamani lazima kitoke, na wa kukitoa alikuwa mimi. Mganga mkuu aliniuliza nangoja nini. Nilimwambia nangoja uvimbe upungue. Haukuwa uvimbe wa mgonjwa.

Jioni kabla ya upasuaji nilikaa kitandani kwa mkata mkonge nikamweleza nitakalofanya.

"Na hilo la kwanza?" akauliza. "Utalitupa?"

"Hapana. Litarudi kwa mwenyewe."

Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, kwenye kitanda ambacho sasa alilala mtu mwingine. Nilimwona anafika, hatua kwa hatua, bila mimi kusema.

"Alikuwa babako," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona mimi? Mimi nilimsumbua yule mzee mpaka siku ya mwisho."

"Alisema wewe hukiwezi kiza."

Alijifunika shuka usoni. Alikaa humo muda mrefu, mabega yanacheza, na mimi sikumgusa. Alipotoa kichwa alijaribu kurudisha sauti yake ya kambini, akashindwa.

"Ukimpelekea, mwambie zile nyimbo nilikuwa namchokoza tu. Nilitaka anijibu. Hakukuwa na mtu mwingine pale wa kuzungumza naye."

Nilikikata kile cha baba asubuhi. Kilitoka kimekwisha kuwa cheupe, kigumu kidogo. Nikakishona kile kipya, na niseme mapema kwamba kilikaa. Mkata mkonge alikuja kliniki yangu kwa miaka mingi baadaye, na mbele yake nilivuta sigara bila wasiwasi wowote. Kuna siku nilitamani nishindwe kuvuta.

Kile cha baba nilikitia katika kichupa nikapanda basi la Pangani, nikashuka Kigombe nikaenda moja kwa moja kwa mzee mwenzake. Nilimkuta uani anatengeneza mwiko. Nilimwamkia, shikamoo, akaniitikia, akanionyesha mkeka. Nilitoa kichupa nikakiweka kati yetu. Alikiinua kwenye mwanga akakitazama, na pumzi aliyoitoa ilikuwa ndefu sana.

Hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani, akarudi na bakuli la maji, kafuri kidogo, na kipande cha sanda kisichozidi kiganja. Tukaenda makaburini wawili tu, yeye na jembe dogo, mimi na bakuli. Alifukua upande wa kichwa, si chini sana. Halafu akakaa chini, akakunja mikono ya kanzu yake, nami nikadhani anataka kuanza. Badala yake akakimimina kile kipande kiganjani mwangu.

"Osha weye," akasema. "Ni haki yako, na miye nilikuwekea."

Kilikuwa chepesi, sikuusikia uzito wake hata kidogo. Nikatia maji. Nikaanza upande wa kulia, kama inavyopasa, ingawa hakikuwa na kulia wala kushoto, na kwa kuogopa kisinitoke kiganjani nilikisugua kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Mzee akanishika kifundo cha mkono.

"Taratibu," akaniambia. "Usimwumize."